Mechi Moja kwa Mwaka: Mabinti wa Kilimarondo na Hoja ya Kikombe



Mhadhara huu nimechokozwa kuuandika. Katika kikao kimoja cha tathmini ya michezo ya shule, mjumbe mmoja ninayemheshimu, aliyeshika filimbi kabla yangu, alisimama akasema kwamba kwa soka la wasichana, tarafa za mbali kama Kilimarondo, wilayani Nachingwea, zisibebeshwe mzigo zisiouweza. Hoja yake ilikuwa fupi. Wasichana wenye vipaji ni wachache, fedha ni chache. Basi tuwatafute walio bora mapema, tuwakusanye katika shule na vituo vichache vyenye uwanja na kocha, na kazi yetu ipimwe kwa vikombe. “Kikombe hakidanganyi,” alisema, na ukumbi ukapiga makofi. Siku ile nilinyamaza kwa sababu mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Leo saa ni yangu.

Sitawachosha kwa mnayoyajua: jinsi mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yanavyopanda ngazi kutoka shule hadi taifa, jinsi Ligi Kuu ya Wanawake ilivyoanza msimu wa 2016/17 na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, na jinsi JKT Queens na Simba Queens walivyotawala tangu hapo. Nataka tuishughulikie hoja ya kikombe, maana hiyo ndiyo inayoongoza kalamu za wapanga ratiba, hata wale ambao hawajawahi kuitamka.

Nianze kwa kuitendea haki. Mwaka 2023, huko Durban, wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule, mashindano ambayo bingwa wake hupewa dola 300,000 kwa ajili ya shule. Ile ni shule iliyokusanya vipaji, ikavifundisha, ikashinda. Kabla ya hapo, Oktoba 2022, Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India, wakafika robo fainali. Kabla yao, timu ya taifa ya soka ya Tanzania ilikuwa haijawahi kukanyaga Kombe la Dunia la FIFA, la wakubwa wala la vijana, la wanaume wala la wanawake. Mjumbe wetu aliitaja timu hiyo mara kadhaa kama ushahidi wake mkuu. Timu ilikaa kambini, ikafundishwa na Bakari Shime, ikaleta matokeo. Tunataka nini tena?

Nami namchukua shahidi huyo huyo. Mechi ya kwanza India, Serengeti Girls walifungwa na Japani mabao 4–0. Hebu tuipeleke mechi ile Nachingwea, tuiendeshe kwa utaratibu wa mashindano yetu ya kata, yaani mtoano: ukifungwa, unafungasha. Jioni ile ile mabinti wetu wangepanda ndege kurudi nyumbani, nasi tungekaa tukisema wasichana wa Kitanzania hawajafikia kiwango. Lakini FIFA hawaendeshi hatua ya kwanza kwa mtoano. Mabinti wale wale, kwa kocha yule yule, siku tatu baadaye waliifunga Ufaransa 2–1, kisha wakatoka sare ya 1–1 na Kanada. Colombia ndiyo iliyowatoa, 3–0, na hiyo ilikuwa mechi yao ya nne. Kilichowafikisha robo fainali, pamoja na vipaji na kambi, ni ratiba iliyowapa nafasi ya kufungwa na kuendelea kucheza. Anayewatumia kuhalalisha hoja ya kikombe, na mfumo wa kutoana unaotokana nayo, ameisoma robo fainali akairuka mechi ya Japani.

Tuje kwenye neno lake kwamba kikombe hakidanganyi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ya rufaa ya michezo ya shule anajua vijeba ni nini na mamluki ni nini. Binti wa miaka 17 aliyeandikiwa 14. Binti wa sekondari aliyevalishwa sare ya shule ya msingi ya wilaya jirani asubuhi ya fainali. Mambo hayo hayaletwi na mabinti, huletwa na watu wazima wanaojua kwamba kikombe pekee ndicho kitakachoulizwa mkoani. Mtindi wa jirani ukiutia chumvi na kuupeleka sokoni kama wako, umeuza, ila ng'ombe bado huna.

Hata pasipo udanganyifu, kikombe cha watoto kinapima kitu kingine. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi anapokaribia miaka 12, takriban miaka miwili kabla ya mvulana. Katika darasa la sita moja utakuta binti aliyekwisha kumaliza sehemu kubwa ya urefu wake ameketi dawati moja na ambaye hajaanza. Kocha mwenye haraka ya kikombe hana haja ya kufikiri: mrefu anawekwa mbele, wengine wanaambiwa wabutue mpira umfikie, akimbie. Wanashinda. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia kwa urefu na mbio, na yeye hajui kutuliza mpira kwa kifua wala kupiga pasi ya mguu wa kushoto, kwa sababu hakuna aliyemtaka ajue. Na yule mdogo aliyekuwa benchi, mwenye akili ya mpira, ameshaacha. Kikombe kiko kabatini kwa mwalimu mkuu.

  

Lakini udhaifu mkubwa wa hoja ya kukusanya uko hapa: unamkusanya nani? Mtafuta vipaji lazima amwone binti akicheza. Chukueni kata yenye shule nane. Kwa mtoano zitachezwa mechi 7. Shule nne zinacheza mechi moja na kwisha. Mbili zinacheza mbili. Ni mbili tu zinazofikisha mechi tatu, na baada ya hapo inateuliwa kombaini ya kata, kwa hiyo hata katika shule bingwa wengi wanarudi nyumbani. Shule hizo hizo nane zikicheza ligi ya mzunguko mmoja, zinapatikana mechi 28, kila shule saba. Tunawaambia mabinti wa Kilimarondo hawana vipaji baada ya kuwatazama kwa dakika arobaini kwa mwaka, tena wengine wakiwa wamekaa benchi dakika hizo zote.

Niliwahi kupita Kilimarondo siku ya fainali ya kombe la mbuzi. Wasichana wa shule mbili walikuwa wamepangiwa mechi ya utangulizi. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu, magoli ya miti, na jezi walizovaa zilikuwa za wavulana wa fainali, zinawafika magotini. Wengine walicheza peku. Katikati alikuwepo binti mmoja mfupi anayetumia mguu wa kushoto. Kabla mpira haujamfikia alikuwa anageuza shingo mara moja kulia, mara moja kushoto, kisha anaupokea akiwa tayari ameelekea kule anakotaka kwenda. Hilo ni jambo makocha hulifundisha kwa miezi, na ninaamini yeye alilipata kwenye mchezo wa rede, ambako asiyetazama nyuma anapigwa mpira wa mgongo. Pembeni mtu mzima alikuwa anapiga kelele, “Butua! Butua!” Hakubutua. Kipindi cha pili hakikufika nusu. Gari la mgeni rasmi lilitokea, mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho, mabinti wakavua jezi na wavulana wakazivaa zikiwa zimelowa jasho. Nilimwendea, akanipa shikamoo, nikamuuliza mechi yao nyingine ni lini. Alimtazama mwenzake. Mwenzake akajibu kwa niaba yake: “Huyu yuko la saba, mwalimu. Zimeisha.”

Sasa niruhusuni nikae kidogo na chapisho ninalolipenda kuliko yote katika fani yangu, nalo linahusu Nairobi. Mwaka 2002 Martha Brady na Arjmand Banu Khan wa Population Council walichapisha ripoti nyembamba kuhusu soka la wasichana katika Mathare Youth Sports Association, MYSA. Nakala yangu imechakaa kingo, na wanafunzi wangu wanajua kwamba siiazimishi. Kinachonivutia ni kwamba waandishi hawakuishia uwanjani. Walitazama na nyumbani: binti ana kazi gani za nyumbani, nani atamlea mdogo wake, atarudi kwa njia ipi giza likiingia, mzazi atashawishiwa na nani. Nilivyowaelewa, muda wa binti ndio mali adimu kuliko mpira wenyewe. Anayetaka kujua kwa nini mazoezi ya saa kumi jioni yanawafaa wavulana na kuwashinda wasichana, aisome.

Na MYSA wenyewe ni somo. Walianza Mathare mwaka 1987, wasichana wakaingia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanuni yao iliyonikosesha usingizi nilipoisoma mara ya kwanza ni ya pointi: timu inayokamilisha kazi ya usafi wa mtaa hupewa pointi 6 katika msimamo wa ligi. Kushinda mechi ni pointi 3. Yaani waliacha msimamo ubaki, wakaacha watoto waugombanie kwa wivu wote wa watoto, lakini wakabadilisha kinachohesabiwa. Wala hawakuacha kushinda: Mathare United, klabu iliyozaliwa humo mwaka 1994, ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Tukiamua kwamba katika kata zetu timu inapata pointi kwa kumchezesha kila binti aliyeandikishwa, makocha wataanza kuwachezesha jioni hiyo hiyo. Kocha hufuata pointi.

Wapo wenzangu watakaoniambia nimalizie safari, nifute matokeo kabisa. Norwei ina kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, na huko watoto wa chini ya miaka 11 hawawekewi msimamo wa ligi. Naziheshimu, lakini siwezi kuzihamishia Kilimarondo nzima nzima. Mtoto wa Oslo hahitaji ushindi ili aruhusiwe kurudi uwanjani Jumamosi ijayo. Binti wa Kimwera, kule Nachingwea, anahitaji. Kwao sauti ya bibi na ya mjomba ni nzito, na binti akishatoka unyagoni kuna wanaoona miguu yake haina kazi tena na mpira. Akirudi nyumbani na kusema “tumeshinda”, bibi ana kitu cha kuwaambia majirani. Nimewaona mabibi wakibadilika kwa sababu ya bao moja. Kwa hiyo ushindi una kazi yake, na timu inayofungwa kila wiki nayo huvunjika. Nakubali pia kwamba binti aliyeiva, wa miaka 15 au 16, akipata nafasi katika shule yenye kocha wa kweli, aende.

Nimepima yote hayo na bado imani yangu iko palepale: anayewaharibia mabinti hawa ni mtoano, kuliko kocha mbovu, kuliko uwanja wa vumbi, kuliko hata ukosefu wa mipira. Chandimu inachezeka kwa mpira wa matambara. Mechi ambayo haijapangwa haichezeki kwa chochote.

Nitaambiwa gharama. Shule nane zigawanywe makundi mawili ya shule nne. Kundi moja likutane Jumamosi moja kwenye uwanja mmoja, wasichana saba kwa saba, mechi fupi. Jingine likutane Jumamosi inayofuata. Hizo ni mechi 12, kila shule tatu, kwa safari moja tu ya kila timu. Nusu fainali na fainali zifuate, kikombe kitolewe, mbuzi achinjwe, mgeni rasmi ahutubie. Ratiba isigongane na mavuno ya ufuta, maana wakati huo binti yuko shambani na hakuna kocha atakayemtoa. Na mechi ya wasichana isiwe utangulizi wa kitu.

Wilaya jirani ya Ruangwa iliifikisha timu yake ya Namungo Ligi Kuu mwaka 2019, na haikuchukua miaka miwili timu ile ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Nani tena atasema kusini hakuna mpira? Kwa mabinti hatujaanza hata kuhesabu, kwa sababu hatujawachezesha.

Maofisa elimu wa kata mliomo humu ukumbini, ratiba ya kata inaandikwa mezani kwenu, kwa karatasi moja, na hakuna kanuni ya FIFA inayowalazimisha kuwatoa watoto baada ya mechi moja. Nawaomba msimu ujao mwandike makundi. Kisha mwalikeni yule mjumbe wa kikombe aje kutazama. Mimi nitalipa nauli yake.