Nini Hasa Kinachokosekana? Maktaba za Michoro na Mashini za Kisangani



Somo la leo limetokana na maneno machache niliyoyasikia kikaoni. Tulikuwa tukijadili programu ya ramani ya mji inayotengenezwa na wanafunzi wetu, na mgeni tuliyemwalika atushauri akasema: chagueni ngazi moja ya vifaa, andikeni kwa ajili ya ngazi hiyo, na mwenye simu iliyo chini yake atanunua nyingine. Alisema kwa nia njema, na wengi waliitikia kwa kichwa. Mimi sikuafiki, na muda mlionipa leo nitautumia kueleza sababu.

Ya msingi nitayapitia haraka, maana wenzangu wa idara wanayafahamu. Maktaba ya michoro hukaa kati ya programu ya mtumiaji na chipu inayochora skrini. Programu hutoa agizo, maktaba hulipanga, draiva hulipeleka kwenye chipu, na chipu huendesha vijiprogramu viitwavyo sheda kwa kila kipeo cha umbo na kila pikseli. Shida ni kwamba chipu hazifanani. Moja inapokea picha kubwa, nyingine ndogo. Moja inahesabu desimali kwa usahihi, nyingine kwa kukadiria. Maktaba ndiyo inayobeba tofauti hizo, na swali ni jinsi ya kuzibeba.

Hoja ya ngazi ina historia, na ni haki tuisikilize kutoka kwa watetezi wake wenye nguvu zaidi. Katika Direct3D 9, maktaba ya michoro ya Microsoft, programu ilikabidhiwa orodha ndefu ya uwezo wa kadi ya michoro: hiki ninacho, hiki sina, kile ninacho mpaka kiasi fulani. Waandishi wa michezo walilalamika kwamba njia ni nyingi mno, na kwamba kadi mbili zenye majibu yanayolingana bado zilichora tofauti. Ndipo Direct3D 10 ilipokuja pamoja na Windows Vista mwishoni mwa 2006 ikiwa na dawa kali. Orodha ilifutwa karibu yote. Kadi iwe na kila kitu kilichotajwa, au isijiite kadi ya Direct3D 10.

Sikilizeni yaliyofuata. Kadi za zamani ziliachwa nje kabisa, na Windows XP nayo ikaachwa nje. Kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa huko nje, watengenezaji wa michezo waliendelea kwa miaka kadhaa kuandika njia mbili, ya 9 na ya 10, yaani kazi ileile waliyoahidiwa kupunguziwa. Mwaka 2008 ikaja 10.1, na tayari sheria ya kadi zote kufanana ilikuwa na tabaka la pili. Mwaka 2009 Direct3D 11 ikakubali kwamba kadi za kizazi cha 9 zipo na zitaendelea kuwapo, ikazipa ngazi zake: 9_1, 9_2, 9_3, 10_0, 10_1, 11_0. Halafu ndani ya ngazi hizo yakaanza kurudi maswali ya hiari, na ilipofika Direct3D 12 mwaka 2015 maswali hayo yakapewa majedwali yake, yaliyoendelea kuongezwa namba hadi yakapita kumi na tano. Orodha ya uwezo ilifukuzwa mlangoni mwaka 2006 ikarudi kwa dirisha, ndefu kuliko ilivyokuwa. Kampuni yenye fedha na wahandisi kama hao imeshindwa kuishi kwa ngazi tupu. Sisi wa mkoa wa Tshopo tutawezaje?

Lakini kushindwa kwa kampuni hakutoshi kuwa hoja. Kasoro iko ndani ya wazo lenyewe. Ngazi inadhani kwamba uwezo hupanda kwa mpangilio mmoja, kwamba aliye juu anacho kila alichonacho aliye chini, na zaidi. Si kweli. OpenGL ya zamani, maktaba nyingine ya michoro, ilikuwa na kipimo kilichoitupa pikseli kulingana na kiwango chake cha uwazi, na kadi za enzi hizo zilikifanya ndani ya chipu. Vulkan, maktaba iliyotolewa Februari 2016 na kuwekwa juu ya ngazi zote, haina kipimo hicho. Atakaye kukitumia hukiandika mwenyewe ndani ya sheda. Mistari minene ni vilevile: katika Vulkan ni jambo la hiari, na zipo chipu za karibuni zisizoichora. Basi mashini mpya inaweza kukosa alichokuwa nacho babu yake. Ngazi yenye kipago kilichokosekana juu na kipago cha ziada chini haimpandishi mtu.

Na hata ndani ya ngazi moja, walio sawa si sawa. Hapa naomba niwarudishe kwenye ramani yetu, kwa sababu ndipo nilipoliona jambo hili kwa macho.

Ramani ya wanafunzi ilipaka mitaa rangi kufuata takwimu za kila eneo. Kwenye kompyuta ya idara ilipendeza. Mwanafunzi mmoja akaifungua kwenye simu yake ya bei nafuu, na mji mzima ukageuka milia: mistari mipana iliyosimama kutoka kaskazini hadi kusini, kama sita hivi, kila mmoja na rangi yake. Komuni za Makiso, Mangobo na Kabondo zilikatwakatwa bila kujali mpaka wowote. Mshauri wetu aliitazama akasema ndiyo hiyo simu iliyo chini ya ngazi.

Simu hiyo ilikuwa na chipu ya michoro Mali-400, iliyoenea kwenye simu rahisi za Android kupitia vichakato kama MT6580 ya MediaTek. Kwa karatasi ni ya OpenGL ES 2.0, kiwango kilichotolewa 2007. Chipu za PowerVR SGX nazo ni za OpenGL ES 2.0. Ngazi ni ileile. Ila kiwango hicho kinaruhusu sheda ya pikseli ikose desimali za usahihi wa juu. SGX inazo. Mali-400 haina: upande wa pikseli huhesabu kwa biti 16.

Hesabu ya biti 16 ina hatua. Kati ya 16 na 32, hatua moja ni sehemu ya 64 ya moja. Kisangani iko karibu na longitudo 25.2 mashariki, na maktaba ya ramani tuliyokuwa tukiitumia iliipeleka longitudo hiyo ikiwa nzima ndani ya sheda. Sehemu ya 64 ya digrii, hapa kwetu karibu na ikweta, ni kama kilomita 1.7. Kwa simu ile, watu wawili waliotengana kwa kilomita moja na nusu mashariki kwa magharibi wangeweza kuhesabiwa wamesimama mahali pamoja. Lakini latitudo yetu ni kama 0.5 kaskazini, na kuanzia nusu hadi moja hatua ni sehemu ya 2048, yaani mita 54. Ndiyo maana milia ilisimama badala ya kulala. Mji ulio karibu na ikweta na mbali na Greenwich unapata usahihi upande mmoja na kuupoteza upande mwingine. Mhandisi aliyeijaribu maktaba hiyo London, longitudo inapokaribia sifuri, asingeona mlia hata mmoja wa aina hiyo.

Tiba yake sasa. Toa kona ya kipande cha ramani kwenye kichakato kikuu, ambacho kina desimali za kutosha, kisha upeleke kwenye sheda tofauti iliyobaki tu, ikiwa imegawanywa kwa upana wa kipande ili iwe kati ya sifuri na moja. Kipande cha ramani cha ukuzaji wa 14 kina upana wa kilomita 2.4 hivi kwenye ikweta. Ndani yake, hatua kubwa kabisa ya biti 16 inakuwa mita 1.2. Simu ileile, chipu ileile: kutoka kilomita 1.7 hadi mita 1.2. Aliyeuliza ngazi aliambiwa simu haifai. Aliyeuliza ni nini hasa kinachokosekana aliambiwa ni desimali za pikseli peke yake, na desimali zina mbadala.

Anayetaka kujifunza kuuliza hivyo, nitampeleka kwenye andiko ninalolipenda kuliko vitabu vyote vya fani hii, nalo hata si kitabu. Ni maelezo ya Gallium ndani ya mradi wa Mesa. Brian Paul alianza Mesa mwaka 1993 kwa kutaka kuandika maktaba rahisi ya michoro inayofuata OpenGL, na toleo la kwanza likatoka 1995. Gallium ilijengwa baadaye kama sehemu ya pamoja ya draiva zake. Katika maelezo yake kuna ukurasa mrefu unaoorodhesha, mmoja baada ya mwingine, kila uwezo ambao draiva itaulizwa. Nimewasomesha wanafunzi ukurasa huo mstari kwa mstari. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi hauishii kwenye ndiyo na hapana. Unasema draiva ikijibu hapana, nani ataifanya kazi. Je, draiva inajua kupaka rangi mbili, ya mbele na ya nyuma ya umbo? Kama haijui, sehemu ya juu itaipachika kazi hiyo ndani ya sheda. Je, inajua kile kipimo cha uwazi? Kama haijui, ni vilevile. Je, picha kubwa kabisa ni pikseli ngapi? Hapo jibu ni namba. Kila pengo limeandikiwa mrithi, na mrithi yuko mahali pamoja, ili draiva kumi zisiandike kazi ileile mara kumi.

Mfano ninaourudia darasani ni Intel GMA 950 ya mwaka 2005, iliyokuwamo kwenye kompyuta nyingi za mkononi ambazo baadaye ziliuzwa Afrika kama mitumba. Chipu hiyo haina kabisa sehemu ya kuendesha sheda za vipeo, na sheda yake ya pikseli haivuki maagizo 64 ya hesabu. Kwa hoja ya ngazi, imekufa. Gallium inaipa kazi ya vipeo kichakato kikuu na kuiachia chipu pikseli. Hupata picha polepole, lakini picha sahihi. Na pale ambapo hakuna chipu ya michoro kabisa, ipo llvmpipe, inayochora kila kitu kwa kichakato kikuu. Kwa mwanafunzi anayejifunza wakati umeme umerudi kwa saa chache, picha ya polepole iliyo sahihi ni somo zima.

Sasa pingamizi lenye uzito. Uwezo ukiulizwa mmoja mmoja, michanganyiko inakuwa mingi kupita kiasi. Jedwali la kwanza la Vulkan lina maswali 55 ya ndiyo na hapana, na idadi ya mbili iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 55 haiwezi kujaribiwa na mtu yeyote. Hilo ni kweli, na ndilo lililowasukuma Microsoft. Lakini haijaribiwi michanganyiko. Hujaribiwa mbadala, kila mmoja peke yake, ilimradi kila mmoja uwe umefungwa mahali pake na usiitegemee hali ya mwenzake. Na si lazima kununua mashini mbovu za kujaribia. Mesa inakubali kuambiwa, kwa kigezo kiitwacho MESA_EXTENSION_OVERRIDE, ifiche uwezo ilio nao. Kompyuta moja nzuri ya maabara yetu inaweza asubuhi moja kujifanya mashini nyingi dhaifu.

Pingamizi la pili: draiva husema uongo. Hili nalo ni kweli, nimelikuta. Baadhi ya watengenezaji wa programu huwa na orodha ya majina ya chipu zinazojulikana kwa ubaya, na kivinjari cha Chromium kinayo. Siidharau. Kasoro iliyokwisha kujulikana ni vema iandikwe. Ila orodha ya majina huandikwa na mtu aliyeishika mashini hiyo mkononi, na simu zinazouzwa soko letu mara nyingi hazikuwahi kushikwa na mtu huyo. Zisipokuwamo orodhani huchukuliwa kuwa nzima. Zikifanana jina na mbovu huhukumiwa pamoja nayo.

Kwa hiyo nasimama pale niliposimama siku zote: maktaba ichore ndipo iamini. Wakati wa kuwaka, ipeleke kwenye sheda namba mbili, 2049 na 2048, ikatoe ya pili kutoka ya kwanza. Tofauti ikiwa moja, pikseli iwe nyeupe; ikiwa sifuri, nyeusi. Biti 16 haziwezi kuihifadhi 2049, huikadiria kuwa 2048, na pikseli itatoka nyeusi hata draiva ikiapa vinginevyo. Kisha isome pikseli hiyo. Kazi hiyo ni ndogo mno mtumiaji kuihisi. Nimeambiwa ni ushamba kuipima mashini iliyokwisha kujieleza. Nimezipima hoja zote nilizozitaja leo, na sijaona hata moja inayoiondoa pikseli hiyo.

Bado kuna jambo ambalo mbadala wake ni ghali, nalo ni picha zilizobanwa. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 isiyobanwa hula mebibaiti 4 za kumbukumbu. Ikibanwa kwa ETC1 hula kibibaiti 512, lakini ETC1 haina uwazi. ETC2 inao, na ikawa lazima katika OpenGL ES 3.0 ya 2012. Simu za 2.0 hazikulazimishwa kuwa nayo. Kuipeleka sehemu ya uwazi kama picha ya pili ya ETC1 kunafaa kwa ramani, kwa kuwa mbili pamoja bado ni robo ya ile isiyobanwa. Kwa picha za setilaiti za msitu wa Yangambi, ambazo wenzetu wa biolojia wanazihitaji, rangi hubanwa vibaya na majani hugeuka mabaka. Wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho wamelichukua suala hilo kwa tasnifu zao. Kuanzia wiki ijayo watakuwa na meza kwenye ukumbi wa chini. Mwenye simu ya zamani, ya aina yoyote, kutoka komuni yoyote, tafadhali ailete: wataichorea pikseli zao, wataandika majibu, na watamrudishia papo hapo.