Maneno juu ya Magendo ya Pembe

Wazee wetu, waalimu, na ndugu zetu nyote wa Mpanda, twataka kunena nanyi juu ya magendo ya pembe za ndovu, maana Hifadhi ya Katavi i mlangoni petu.

Mwaka 2009 nchi yetu ilikuwa na ndovu wapatao 109,000; mwaka 2014 walibaki kama 43,000 tu. Mataifa yalikuwa yameafikiana tangu 1989 kuizuia biashara hiyo, lakini wenye magendo waliendelea kuvusha pembe mipakani na baharini.

Faida ni ya nani? Mgeni huja usiku, akampa kijana bunduki na fedha kidogo. Kijana ndiye alalaye porini, ndiye akamatwaye, na wanawe ndio washindao na njaa. Tajiri yu mbali mjini. Naye hukamatwa pia: Februari 2019, mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu Yang Fenglan kifungo cha miaka 15. Lakini hukumu haimfufui ndovu.

Basi, mgeni aulizaye njia za porini mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji. Na kijana apataye fedha ghafula, afadhali aulizwe leo na babaye kuliko kesho na hakimu.