Pato la Mtu Mmoja Kenya na Tanzania: Swali la Kipimo

Wastani wa pato la mtu mmoja ni thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa mwaka, yaani Pato la Taifa, ikigawanywa kwa idadi ya watu. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na pengine wepesi huo ndio unaowafanya wengi, hata wasomi, waipokee namba inayopatikana kana kwamba imetoka kwenye mizani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Kenya na Tanzania, nchi jirani zilizoanza uhuru zikiwa na sarafu moja, haziwezi kulinganishwa kwa haki bila kuhoji kipimo kilichotumika, kwa sababu ipo miaka ambayo kilichobadilika ni kipimo, wala si maisha ya watu.

Hadi 1966 Nairobi na Dar es Salaam zilitumia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na hata baada ya kila nchi kuanza kutoa shilingi yake, dola moja ya Marekani iliendelea kwa miaka kadhaa kuwa sawa na shilingi 7.14 pande zote mbili. Ugumu ulijitokeza miaka ya 1980. Kwa kiwango rasmi, shilingi ya Tanzania mwaka 1985 ilikuwa bado inakaribiana na ya Kenya, ilhali bidhaa zilikuwa zimeadimika madukani, na sabuni na sukari zilipatikana kwa magendo, kwa bei isiyoandikwa katika daftari lolote la serikali. Mwaka 1986 thamani ya shilingi hiyo ilishushwa kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola. Mkulima ambaye mavuno yake, kwa mfano, yalikuwa na thamani ya shilingi 4,000 alihesabiwa kuwa na dola 235 kabla ya uamuzi huo na dola 100 baada yake, ingawa magunia ghalani mwake yalikuwa yaleyale na hakuna hata debe moja lililopungua. Mtafiti anayeuona mporomoko huo kwenye jedwali na kuuita anguko la uzalishaji amesoma bei ya fedha akidhani anasoma mavuno.

Ili kuepuka kosa hilo, wanauchumi hutumia uwiano wa uwezo wa kununua, kipimo kinachouliza kapu lilelile la bidhaa na huduma hugharimu kiasi gani katika kila nchi, badala ya kuuliza benki inauza dola kwa bei gani. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 10 za kwanza kupimwa hivyo, kwa bei za 1970, katika mradi ulioongozwa na Irving Kravis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kipimo hiki ni bora zaidi, ingawa nacho kina utata wake, kwa kuwa ndizi, ambayo ndiyo chakula kikuu Bukoba, haina uzito huohuo katika matumizi ya kaya ya Machakos.

Jambo jingine ni mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake na muundo wake wa uchumi huwa msingi wa hesabu za miaka mingine. Mwaka 2014 Kenya ilihama kutoka kizio cha 2001 hadi cha 2009, na wastani wa pato la mtu mmoja kwa 2013 ukapanda kutoka dola 994 hadi 1,246 bila kiwanda kipya hata kimoja kufunguliwa. Mwaka huohuo Tanzania nayo ilihamia kizio cha 2007, na Pato lake la Taifa likaongezeka kwa zaidi ya robo. Kulinganisha takwimu mpya za nchi moja na za zamani za nyingine, jambo ambalo limefanywa mara nyingi mno, ni kuonea upande mmoja.

Kenya iko mbele, kwa dola na kwa uwezo wa kununua pia. Benki ya Dunia iliihesabu kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini miaka kadhaa kabla ya Tanzania, iliyofika hapo Julai 2020. Hilo halina ubishi. Linalohitajika ni kwamba kila mwalimu, mwandishi wa habari na mtunga sera anayetaja pengo hilo ataje pia sarafu, mwaka wa bei na mwaka wa kizio.