Jekipoti Inayokua na Mtaji wa Anayeifukuza

Jekipoti inayokua hulishwa na sehemu ya kila dau hadi atokee wa kuishinda, kisha huanza tena chini. Katika mashine za poka za video, zilizoenea Nevada tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, humwendea anayepata karata tano kuanzia kumi hadi ree, zote za alama moja, kwa mfano zote za kopa au zote za shupaza. Hapa Griftu, Wajir Magharibi, hakuna kasino. Simu yenye M-Pesa ndiyo iliyoifikisha jekipoti hiyo hapa kwa sura nyingine, Mega Jackpot ya SportPesa: mechi 17, na kwa kila moja mchezaji hutabiri nyumbani, sare au ugenini. Mei 2017 ilimpa Mkenya mmoja zaidi ya shilingi milioni 221. Hukumu ya Uislamu kuhusu maisiri, yaani kamari, haihitaji kurudiwa mbele ya wasikilizaji wa mhadhara huu. Linaloulizwa hapa ni kama hesabu yenyewe inakubali.

Wanaoitetea jekipoti wako wa aina mbili. Wa kwanza husema kwamba ikikaa sana bila kushindwa, imeiva. Mhadhiri aliwahi kumsikia kijana akilisema hilo dukani Griftu, simu mkononi, mechi 16 zikiwa zimejazwa na ya mwisho akiwauliza waliokuja kununua sukari. Pengine alikuwa akifikiria ayuuto, mchango wa kupokezana. Katika ayuuto kila mchangaji ana zamu, na zamu hufika. Jekipoti haina zamu: matokeo ya wiki hii hayajui kwamba wiki iliyopita hakuna aliyepatia.

Wa aina ya pili ni msomi zaidi, na ndiye anayestahili kujibiwa kwa urefu. Yeye hasemi imeiva, anasema imekuwa kubwa. Mashine nzuri ya poka hurudisha asilimia 99.54 ya dau kwa mchezaji asiyekosea, zawadi kuu ikiwa sarafu 4,000 kwa dau la sarafu 5. Zawadi hiyo ikifika karibu sarafu 4,900, wastani unahamia upande wa mchezaji. Kwa nini basi asingoje hadi hapo?

Kwa mechi 17, anayebahatisha tu ana njia 129,140,163, na kuzilipia zote kwa shilingi 100 kila moja ni karibu shilingi bilioni 13. Huyo hana la kujitetea. Lakini anayejua soka habahatishi. Tuseme anapatia kila mechi kwa asilimia 45. Nafasi yake ni moja katika takriban 786,000, na tiketi ya shilingi 100 kwa jekipoti ya milioni 221 ina thamani ya wastani ya shilingi 281, bonasi na kodi zikiwekwa kando. Hoja inaonekana imeshinda. Ipunguze 45 iwe 40, na thamani inaanguka hadi shilingi 38. Hakuna mtabiri anayeijua nguvu yake kwa usahihi huo, tena wanaochagua timu zilezile zinazopendwa hugawana zawadi.

Hata hiyo 45 ikikubaliwa, yuko John Kelly, Mmarekani wa Texas aliyefanya kazi Bell Labs na ambaye baadaye alishiriki kuifanya kompyuta iimbe. Makala yake ya 1956 ilianza na mambo ya simu: mcheza kamari anapewa siri za mashindano kupitia waya wenye kelele; aweke kiasi gani? Kelly hakuuliza tu kama dau lina faida. Aliuliza ni sehemu gani ya mali iwekwe ili mali ikue bila kuteketea. Kati ya maandishi yote kuhusu kamari, hayo ndiyo ambayo mhadhiri huyarudia bila kuchoka, na kila mara huona yamepuuzwa na wale wanaodai kuyafuata.

Kanuni hiyo ikitumiwa kwa tiketi yenye thamani ya shilingi 281, mtu hastahili kuweka hata hiyo shilingi 100 moja mpaka awe na mali ya takriban shilingi milioni 122. Ngamia akihesabiwa shilingi laki moja, hao ni zaidi ya ngamia 1,200. Anayecheza tiketi moja kwa wiki, kwa nafasi ileile, ana miaka kama 15,000 ya kungoja.

Poka ya video ni nafuu kuliko mechi, kwani karata hizo tano hutokea takriban mara moja katika mizunguko 40,000, yaani saa 67 kwa mwendo wa mizunguko 600 kwa saa. Katika saa hizo, kwa wastani, fedha hupungua. Ndiyo maana Nevada viliwahi kuwapo vikundi vya kuifukuza kwa faida: mwenye mtaji alilipia, wachezaji walikalia mashine zote zilizounganishwa na zawadi moja, wakilipwa kwa saa, na jekipoti ikianguka ilienda kwa mwenye mtaji.