Maandiko Peke Yake na Ukaribu na Mungu



Je, Mkristo mwenye Biblia mkononi anahitaji kitu kingine ili awe karibu na Mungu? Wapo wanaojibu upesi kwamba hahitaji, na shahidi wao ni Martin Luther. Nianze na shahidi huyo, maana amebebeshwa maneno ambayo hakuyasema.

Mwaka 1521 mjini Worms, mbele ya Kaisari Karl wa Tano, Luther alikataa kukana vitabu vyake mpaka ashindwe kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Swali lililokuwa mezani lilihusu hukumu: Kanisa linapobishana, nani ana neno la mwisho? Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1546, ulijibu kwamba mapokeo ya mitume nayo yapewe heshima sawa na Maandiko. Katika ubishi huo nasimama na Luther. Lakini mtu huyohuyo, kinyozi wake Peter alipotaka kujua namna ya kusali, alimwandikia kijitabu mwaka 1535. Alimwelekeza achukue Amri Kumi, moja baada ya nyingine, na kila moja aigeuze kuwa fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Tena alimwambia kwamba Roho Mtakatifu akianza kusema naye moyoni, aache utaratibu wote, anyamaze, asikilize. Kwa Luther, Neno lilikuwa mlango wa mazungumzo na Mungu aliye hai.

Kwamba kusoma peke yake hakuleti mazungumzo hayo, tuone Buganda, katika Uganda ya leo. George Pilkington, mmisionari na msomi wa Cambridge, ndiye aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda, akisaidiwa kwa karibu sana na Mkristo Mganda, Henry Wright Duta. Fikirini kazi ile: kupima kila aya, kulitafutia kila neno mwenzake, siku nzima kuwa ndani ya Maandiko. Kama wingi wa kusoma ungetosha kumleta mtu karibu na Mungu, nani angekuwa karibu kuliko huyu? Hata hivyo, mwaka 1893 alikuwa mkavu rohoni, amechoka na huduma. Akaenda kisiwa cha Kome, katika Ziwa Victoria, na huko akasoma kijitabu cha Mwinjilisti David, Mtamil wa India. Alirudi Mengo, makao makuu ya Buganda, akiwa mtu mwingine. Baadaye aliandika kwamba asingempokea Roho wakati ule, angeiacha kazi ya umisheni. Mikutano iliyofuata Mengo iliwafanya wengi waungame dhambi zao hadharani, na uamsho ukaenea.

Nawaomba tulitafakari jambo hili bila haraka. Mfasiri wa Biblia aliamshwa kwa ushuhuda wa Mkristo wa nchi nyingine, aliyeyasoma Maandiko yaleyale kabla yake. Katika Yohana sura ya 5, Yesu anawakemea watu wanaoyachunguza Maandiko kwa bidii huku wakikataa kuja kwake. Hakemei uchunguzi wao. Kinachomhuzunisha ni kwamba ushahidi wameushika, na anayeshuhudiwa wamemwacha.

Najua hofu ya wanaonipinga, na ni hofu ya haki. Tukifungua mlango wa ushuhuda na sauti ya moyoni, watapita pia manabii wanaouza mafuta na maji ya upako, wanaoweka "Bwana ameniambia" juu ya kila tamaa yao. Wameshafilisi familia nyingi, wamewafanya wagonjwa watupe dawa, na mimi nalia na familia hizo. Ndiyo maana kiti cha hakimu hatuwezi kuwaachia wao, wala kumwachia yeyote mwenye karama. Kila ono na kila unabii upelekwe mbele ya Maandiko, upimwe pamoja na ndugu wenye ujasiri wa kumwambia mhubiri, "Hapa umepotoka."

Alichokipata Pilkington kule Kome nacho kilipaswa kupimwa hivyo, na kipimo kipo wazi. Hakuanzisha dhehebu lake, wala hakutangaza ufunuo mpya. Alirudi mezani kwa Duta wakaendelea na tafsiri, na mwaka 1896 Waganda wakapata Biblia nzima kwa lugha yao.