Herufi zinazobeba huzuni

Msikilizaji, "Malaika", wimbo uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya kisha ukaimbwa na Miriam Makeba, umewagusa hata wasiojua Kiswahili. Muziki wake ni mtamu, lakini sehemu ya sifa ni ya matamshi. Litamke jina lake polepole: m na l huachia pumzi ipite, na irabu a, inayorudi mara tatu, hufungua kinywa. Mwimbaji huivuta atakavyo, na huzuni hupata pa kukaa.

Geukia singeli, muziki wa Dar es Salaam unaokimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Hapo p, t, k na ch hukata pumzi ghafla, silabi zikagonga kama ngoma. Mwili unainuka wenyewe.

Watunzi wetu wengi leo wanahangaikia kina cha mwisho tu. Kwa Kiswahili, ambapo karibu kila neno huishia kwa irabu, kina hupatikana kwa urahisi mno! Kazi iko kwenye konsonanti za katikati ya mstari. Wimbo wa msiba uliojaa k na t humsukuma mfiwa, wakati yeye anahitaji kushikwa. Watayarishaji, waambieni watunzi wasome mashairi yao kwa sauti kabla ya kuwasha mashine za studio.