Dola ya Njano na Mtu wa Kuulizwa

Siku ya mwisho ya mwaka 2017, Mmarekani Logan Paul alipandisha YouTube video aliyoipiga katika msitu wa Aokigahara huko Japani, ikionyesha mwili wa mtu aliyejitoa uhai. Chaneli yake ilikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 15. Dunia nzima ilichukizwa, naye akaifuta video na kuomba radhi. YouTube ilimwondoa katika kundi la chaneli teule zinazouzwa kwa wafanyabiashara wakubwa, na mwezi Februari ikamsimamishia matangazo kwa muda.

Kabla ya huo Februari, lilitangulia jambo jingine. Tarehe 16 Januari 2018 kampuni ilitangaza kanuni mpya ya malipo ya matangazo, na kanuni hiyo haikumgusa Paul wala wakubwa wenzake. Iliwashukia wadogo. Kuanzia tarehe 20 Februari, chaneli isiyo na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 isingepata tena hata senti moja ya matangazo. Hadi hapo sharti lilikuwa kutazamwa mara 10,000 tangu chaneli ifunguliwe, na sharti hilo nalo lilikuwa geni, la Aprili 2017.

YouTube ilijitetea kwa takwimu: asilimia 99 ya walioguswa walikuwa wakipata chini ya dola 100 kwa mwaka. Kwa kampuni iliyokuja kutangaza kwamba matangazo ya YouTube yaliingiza dola bilioni 15 mwaka 2019, hizo ni fedha za kuokota. Kwa kijana wa Tanga au Kisumu anayerekodi kwa simu, dola 60 au 80 ni bando la miezi, ni maikrofoni, ni nauli ya kumfuata mtu wa kuhojiwa. Na zaidi ya fedha, malipo ya kwanza humthibitishia mama mwenye nyumba na baba mwenye mashaka kwamba mtoto hachezi, anafanya kazi.

Asili ya haya yote iko London. Mwanzoni mwa mwaka 2017 gazeti la The Times lilifichua kwamba matangazo ya kampuni zinazoheshimika yalikuwa yakitokea kwenye video za watu wenye siasa kali na wanaounga mkono ugaidi. Serikali ya Uingereza na gazeti la The Guardian wakaondoa matangazo yao. Upande wa Marekani wakafuata AT&T, Verizon na Johnson & Johnson. Hofu ya wafanyabiashara hao ilikuwa ya haki. Hakuna muuza sabuni anayetaka fedha zake zimlishe mhubiri wa mauaji. Tatizo ni namna hofu hiyo ilivyotibiwa. YouTube ilikuwa ikipokea video nyingi kuliko macho ya binadamu yanavyoweza kuzitazama, kwa hiyo kazi ya kupambanua ikaachiwa mashine.

Mashine hiyo huzungumza kwa rangi. Alama ya dola ikiwa ya kijani, video inapata matangazo yote. Ikigeuka njano, inapata machache au haipati kabisa. Orodha ya mambo yanayoweza kuleta njano ni ndefu: lugha chafu, vurugu, ngono, dawa za kulevya, silaha, matukio nyeti, na kile kinachoitwa masuala yenye utata, ambamo umo ukatili dhidi ya watoto, kujidhuru na unyanyasaji wa kijinsia. Mwongozo wenyewe unasema habari na elimu hupewa nafasi. Lakini anayesoma kwanza ni mashine, na mashine husikia neno kabla ya kuelewa nia. Muuguzi anayewaeleza wasichana dalili za mimba iliyoharibika, na mtu anayetafuta kushtua watu kwa damu, wanaweza kunaswa na kokoro moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 jambo hili lilionekana waziwazi. Virusi vya korona viliwekwa kwenye kundi la matukio nyeti, na video zilizovitaja kwa kina zikanyimwa matangazo wakati watu walipokuwa na kiu kubwa ya maelezo. Baadhi ya watengeneza maudhui wakaanza kuzunguka, wasitaje ugonjwa kwa jina lake. Tarehe 11 Machi mkuu wa YouTube wakati huo, Susan Wojcicki, akatangaza kulegeza sharti. Uamuzi ulikuwa sahihi. Hata hivyo, wiki za mwanzo za janga zilikuwa zimekwisha kupita.

Anayepata njano anaweza kuomba binadamu aitazame upya video yake, na siku hizi anaweza kuipima kabla ya kuichapisha. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini video, hasa ya habari, hutazamwa zaidi katika saa na siku za kwanza. Rufaa ikishinda baada ya watu kupita, dola inageuka kijani juu ya uwanja mtupu, na mapato ya siku zile hayarudi. Wakati utaratibu huu wa rufaa ulipokuwa mchanga, mwaka 2017, hali ilikuwa ngumu zaidi: chaneli yenye wafuasi chini ya 10,000 haikusikilizwa mpaka video husika iwe imetazamwa mara 1,000 ndani ya siku saba. Rufaa yenyewe ilikuwa na kiingilio.

Kanuni za matangazo hufika mpaka kwenye umbo la kazi. Kwa miaka mingi video ilitakiwa kufika dakika 10 ndipo iruhusiwe kukatwa katikati kwa matangazo, na watazamaji wakazoea hadithi ya dakika sita iliyovutwa kama ulimbo. Julai 2020 kiwango kikashushwa hadi dakika 8, na hadithi nazo zikafupika kufuata. Novemba 2022 ikaja kanuni kali kuhusu matusi, ikagusa hata video zilizopakiwa zamani kabla haijakuwepo. Machi 2023 ikalegezwa. Mtu anayeishi kwa kazi hii hupanga bajeti ya mwaka juu ya ardhi inayohama.

Mbaya kuliko zote, kwa maoni ya safu hii, ni kanuni iliyoingia Novemba 2020 bila kelele nyingi. Masharti mapya ya matumizi yaliiruhusu YouTube kuweka matangazo kwenye video za chaneli ambazo hazijafuzu kulipwa. Mabadiliko yalianzia Marekani, yakaenea duniani mwaka uliofuata. Aliyefuzu hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, na tangu Februari 2023 asilimia 45 ya fungu la video fupi. Mwenye wafuasi 900 hapati kitu, ingawa tangazo limepita mbele ya kazi yake na mfanyabiashara amelipa. Mwaka 2018 wadogo waliambiwa wanaondolewa ili wafanyabiashara wawe salama. Kama video zao ni salama vya kutosha kubebeshwa tangazo, hoja ya usalama haipo tena. Hakuna kinachozuia mapato hayo kuwekwa akiba kwa jina la mwenye video mpaka afuzu.

Afrika Mashariki inabeba mzigo wa ziada. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada, na bei hufuata mkoba wa mtazamaji: macho ya mtu aliyeko Chicago hugombewa na wengi, ya mtu aliyeko Dodoma hugombewa na wachache. Ndiyo maana chaneli nyingi za Kiswahili huwathamini sana ndugu walioko Texas na Minnesota. Lakini hata hapo kuna makato. Tangu mwaka 2021 Google, mmiliki wa YouTube, hukata kodi ya Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko nchi hiyo, na kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, makato ni asilimia 30. Kenya nayo, kwa sheria ya fedha ya mwaka 2023, ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wakazi wake wanaoingiza fedha kwa maudhui ya kidijitali, baada ya kupendekeza 15. Tanzania iliweka lango la kwake mwaka 2018, uleule wa kanuni mpya ya YouTube: leseni ya maudhui ya mtandaoni ambayo gharama zake kwa mwaka wa kwanza zilifika shilingi milioni 2.1, ingawa ada zilipunguzwa baadaye. Aliyeanza chaneli mwaka huo alitakiwa kulipa nyumbani kabla hajaruhusiwa kulipwa ugenini.

Waliopambana na hali hii kwa mpangilio walitoka mahali pasipotarajiwa. Jörg Sprave ni Mjerumani anayetengeneza manati za ajabu na kuzionyesha YouTube. Baada ya mapato yake ya matangazo kuporomoka, mwaka 2018 alianzisha chama cha watengeneza video, na Julai 2019 akaungana na IG Metall, chama cha wafanyakazi wa viwandani chenye wanachama zaidi ya milioni 2. Kampeni yao, FairTube, haikuomba viwango vya juu vya malipo. Iliomba vigezo vinavyotumika viwekwe wazi, mwenye video aelezwe kosa lake, na awepo binadamu wa kuzungumza naye.

Madai ya namna hiyo sasa yana nguvu ya sheria barani Ulaya. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuyabana majukwaa makubwa Agosti 2023, inasema katika kifungu cha 17 kwamba jukwaa likimzuilia mtu malipo kwa sababu ya maudhui yake, sharti limpe sababu zilizo wazi na mahususi, pamoja na kumjulisha kama mashine ilitumika kuamua. Kifungu cha 20 kinataka malalamiko yasiamuliwe na mashine peke yake.

Kwa hiyo video mbili zinaweza kupata njano saa ileile, moja ya Berlin na nyingine ya Mombasa. Wa Berlin anadai maelezo kwa haki. Wa Mombasa anayasubiri kwa hisani.

Serikali zinazokata kodi kwenye mapato haya haziwezi kusema jambo hili halizihusu. Zinapokaa mezani na kampuni hizi kuzungumzia kodi, hapohapo zinaweza kudai mambo matatu: sababu ya kila njano iandikwe kwa dakika na sekunde husika, rufaa ya mlalamikaji wa Kiswahili isikilizwe na mtu anayekijua Kiswahili, na mapato yaliyopotea kwa kosa la mashine yarudishwe. Mawili ya kwanza hayahitaji ubunifu mkubwa, kwa sababu vifungu vya 17 na 20 vya Ulaya viko wazi kwa yeyote kuvisoma, na wabunge wa Dodoma na Nairobi wanaweza kuanzia hapo katika kikao chochote cha bajeti kijacho.